Kochi la Chumba cha Baruti

Fundi alifungua mlango wa nyumba yake Jumapili asubuhi, begi bado liko begani, na kitu cha kwanza alichokiona ni viti viwili vya plastiki. Vya buluu. Vimewekwa sebuleni vimetazamana kama watu waliogombana, na kimoja kina ufa. Kati ya viti hivyo alisimama mumewe, anatabasamu tabasamu la mtu aliyetenda jambo jema na sasa anangoja sifa zake. Kochi halikuwepo.

Wiki tatu tu. Wiki tatu alikwenda kumsaidia binti yake mkubwa aliyejifungua, akaiacha nyumba na kila kitu mahali pake, akarudi akakuta sebule inatoa mwangwi. Aliuliza kochi liko wapi. Mumewe akaanza kueleza kwa furaha: kuna kijana mmoja alipita, nywele amezifunga utosini, mpole, ana heshima zake, akalichungulia kochi kupitia mlangoni akasema ni miaka analitafuta kochi la namna ile. Akaliomba. Na hakulichukua bure pia, maana alileta viti.

"Akakuomba, ukampa," alisema Fundi.

"Aliomba vizuri," alisema mumewe.

Bwana huyu lazima aelezwe mapema, la sivyo mtu atadhani ni mjinga, naye si mjinga hata kidogo. Ni fundi baiskeli, mikono yake ina akili, na watoto wake wote amewasomesha. Ugonjwa wake ni mmoja tu: hajui kukataa. Ukimwomba pampu atakupa. Ukimwomba pampu pamoja na baiskeli ya mteja, atakwambia sawasawa, twende tukamwulize mwenyewe. Neno hilo lilimtoka mdomoni mara nyingi mpaka mtaa mzima ukambandika, akawa Sawasawa, na hata barua zake zinafika kwa jina hilo. Amewahi kukubali kuwa shahidi wa pande zote mbili katika kesi moja, akaenda, akatoa ushahidi kote kuwili, na wote wakamshukuru.

Fundi hakupiga kelele. Alivuta kile kiti chenye ufa akakaa, mikono magotini, kimya. Hapo ndipo Sawasawa alipoanza kuogopa, maana miaka ishirini na sita ya ndoa ilimfundisha kwamba mkewe akifoka, mambo ni mazuri.

Kesho yake, Jumatatu saa tatu, baraza la usuluhishi lingekaa kuamua nyumba ile ni ya nani. Kaka mkubwa wa Sawasawa alikuwa anaidai, kwa kuwa yeye ndiye mzaliwa wa kwanza na mama yao, kwa maneno yake, alikufa bila kuacha maandishi. Miezi sita alikuwa anapita pale na koti lake, anagongagonga kuta kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji, anasema leteni karatasi basi, kama mnayo. Miezi sita Fundi alimkaribisha chai na kumketisha pembeni kabisa mwa kochi, kiwiko chake juu ya hiyo hiyo karatasi. Ilikuwa ndani ya mkono wa kushoto wa kochi, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na Fundi ndiye aliyeishonea humo.

Aliyemwagiza ni mama mkwe. Miaka minne nyuma bibi yule alimwita peke yake, akaandikisha maneno yake mbele ya mashahidi wawili, akabonyeza dole gumba, akampa mkwe wake na kumwonya: ifiche mahali ambapo mwanangu hataweza kuigawa. Fundi alifikiri siku mbili. Sufuria huombwa. Redio huazimwa. Godoro hupewa mgeni. Yeye kazi yake ni kushona makochi, maisha yake yote anayashona na kuyafumua makochi ya watu, na hajawahi kusikia mtu amegawa kochi. Nani anagawa kochi?

"Baba watoto," alisema mwishowe, "ndani ya lile kochi mna karatasi ya mama. Ya nyumba."

Sawasawa akakaa kwenye kiti cha pili. Hakuuliza kwa nini mama yake alimpa mkwe karatasi asimpe yeye, na Fundi alishukuru kimoyomoyo, maana swali hilo lilikuwa na jibu na jibu lilikuwa ndani ya karatasi yenyewe. Aliona nusu ya ukweli inatosha kwa asubuhi moja.

Aliyelipata kochi ni Kitinda, binti yao wa mwisho, msusi, ambaye simu haimtoki mkononi hata akiwa anakula. Alipapasa, akapapasa, akaguna, halafu akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. Kochi lao lilikuwa ngomeni. Ile ngome ya zamani kule ufukweni, iliyokuwa ya mizinga, ikaja ikawa jela, siku hizi ni makumbusho ya sanaa ya kisasa, na kochi lao limewekwa humo, limemulikwa taa, na watu mia nne wameipenda picha yake.

"Mama, kochi letu limekuwa maarufu," alisema Kitinda. "Linapendwa kuliko mimi."

Fundi alikuwa keshasimama. Begi lenyewe hakuwa ameliteremsha.

* * *

Ngome hiyo walikuwa wanaijua kwa nje tangu utoto wao, kama mtu anavyoijua benki kubwa ambayo hana akaunti humo. Kuta zake zina unene wa hatua nne, mawe yamelambwa na chumvi mpaka yamelainika, na mlangoni mna mizinga miwili inayoitazama bahari ambako hakuna adui tena, wapo watoto wanaoogelea tu. Karani wa tiketi, dada mwenye miwani mikubwa, aliwatazama watatu hao kuanzia viatu kwenda juu, akawaambia kwa upole kabisa kwamba wafanya usafi wanapita mlango wa nyuma.

Sawasawa akasema sawasawa, akaanza kwenda nyuma. Kitinda akamvuta shati.

Fundi alimeza hilo. Akaeleza shida yake yote pale dirishani: kochi, karatasi, kesho saa tatu. Karani alisikiliza kichwa amekiinamisha upande, kisha akasema kazi ikishaingia ukumbini haiguswi, hata na aliyeitengeneza. Waandike barua kwa mkurugenzi, watajibiwa ndani ya siku kumi na nne. Fundi akauliza mkurugenzi yuko wapi. Amesafiri. Anarudi lini? Karani akatazama dari, akasema amesafiri tu.

"Kwa hiyo kuligusa haiwezekani," alisema Fundi. "Kuliona je?"

Kuliona ni kwa tiketi. Fundi alitoa hela aliyokuwa ameitenga ya kununulia nyuzi, akalipia watu watatu, akapewa vipande vitatu vya karatasi ya rangi ya waridi. Kwenye meza ya ukaguzi wakaupata mkasi begini mwake, wakamtazama kama jambazi, wakautia kwenye mfuko wenye namba. Sindano ya kupinda iliyochomekwa chini ya ukosi wa gauni lake hawakuiona, wala uzi mweusi uliozungushiwa juu yake. Sindano hiyo haitoki hapo hata akienda msibani. Akiikosa hujihisi yuko uchi.

Ndani mlikuwa na maajabu. Chumba cha kwanza kilijaa kandambili za mguu wa kushoto, mamia kwa mamia, zimerundikwa mpaka darini. Sawasawa akamuuliza kijana aliyesimama jirani za kulia ziko wapi, kijana akamjibu kwa heshima kwamba hilo ndilo swali lenyewe. Sawasawa alifurahi mno kuuliza swali lenyewe, akawaeleza mkewe na bintiye mara mbili. Chumba cha pili, kilichokuwa seli ya wafungwa, kilikuwa na televisheni inayomwonyesha mwanamke akiosha sahani moja, ileile, haimaliziki. Fundi alisimama dakika nzima mbele yake kabla ya kukumbuka kilichomleta. Sahani ile alikuwa anaifahamu.

Kwenye ujia kulikuwa na ndoo chini ya tundu la dari. Maji yanadondoka, tone, kimya, tone, na watu watano wameizunguka wanaipiga picha bila kuzungumza. Mara akaja mfanya usafi, akawaomba wampishe, akaimwaga dirishani, akairudisha chini ya tundu, akaenda zake anatikisa kichwa.

Hapo Kitinda akabaki hana mbavu. Alijiziba mdomo kwa mkoba, kicheko kikamtokea puani. Fundi akamfinya, na katika kumfinya kicheko kikamhamia yeye. Kuna kicheko kinachomjia mtu mahali asipotakiwa kucheka, na siku ambayo hana sababu yoyote ya kucheka, na hicho ndicho hakina breki. Kuta nene zile zilikipokea, zikakirudisha, watu wakageuka. Mama na binti wakawa wanatembea wameshikana mikono, macho yamejaa machozi, na Sawasawa nyuma yao anawaomba watu radhi mmoja mmoja.

Kicheko kilikatika kwenye ngazi za kushukia chumba cha baruti. Kochi lilikuwa pale.

Lilikuwa katikati ya chumba, juu ya jukwaa jeupe, limezungushiwa kamba nyekundu, taa nne zinalimulika. Kochi lao la kahawia. Pale ambapo Kitinda alijifunzia kusimama pamechakaa, pale ambapo Sawasawa huegemeza kichwa akisikiliza mpira pameng'aa kwa mafuta ya nywele. Fundi alijisikia vibaya, kama ambaye amemkuta mama yake mzazi kwenye umati, amevaa kanga ya kulalia. Akasogelea kibao kidogo cha maelezo, akakisoma taratibu:

MAPUMZIKO YA WALIOSHINDWA. Kochi lililookotwa, kitambaa, sponji, vumbi. Mshonaji hajulikani.

"Lililookotwa?" alisema Sawasawa, ameumia kweli. "Nilimpa mimi. Na chai nilimpa."

Fundi hakumsikia. Macho yake yalikuwa yamenasa kwenye neno moja. Mshonaji kutojulikana alikuwa ameshakuzoea, ndiyo kazi ilivyo. Watu hukaa juu ya kazi yake miaka kumi bila kuuliza. Lakini vumbi? Kila Jumamosi, miaka kumi na minane, alikuwa analipiga kochi lile kwa fimbo nje ya mlango na kulipangusa kwa kitambaa kibichi. Vumbi hilo lilikuwa la wiki tatu, na mwenye vumbi alikuwa amesimama pembeni yake anasema alitoa chai.

* * *

Chumbani mlikuwa na mlinzi mmoja, mzee wa makamo, amesimama kwenye pembe, anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule. Mpango waliupanga kwa kunong'onezana mbele ya kochi, wakijifanya wanajadili sanaa. Kitinda atakaa kwenye ngazi azuie watu. Fundi atavuka kamba. Na mlinzi? Wote wawili wakamgeukia Sawasawa, na Sawasawa akasema sawasawa.

Hakuhitaji hila yoyote. Alimwendea mlinzi akamwamkia, akamuuliza ile mizinga ya mlangoni ilikuwa inarusha mpaka wapi. Basi. Mlinzi alimtazama kama ambaye haamini masikio yake. Alisema yuko mwaka wa tatu humo ndani, amesoma kila kitabu cha ngome ile kilichomo ofisini, na hajaulizwa na mtu kitu kingine ila choo kiko wapi. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema njoo nikuonyeshe, haichukui dakika kumi. Wakapanda ngazi wameshikana mikono.

Fundi akavuka kamba. Alipiga magoti nyuma ya mkono wa kushoto wa kochi, akaitoa sindano, akautafuta mshono kwa ncha ya kidole. Mshono wake hauonekani kwa macho, hilo ndilo jina lake mjini. Unausikia tu, kama mfupa chini ya ngozi. Akaufumua kidogo kidogo, urefu wa kiganja, akatia mkono kwenye sponji. Kitu kikalia kwa ndani. Nailoni. Akaivuta, akaikunjua nusu, akaliona dole gumba la zambarau, akaikunja tena na kuitia kifuani. Roho ikamtulia puu. Nyumba ilikuwa imerudi.

Sasa, mtu mwingine yeyote angesimama akaondoka. Mwizi angeondoka, mwanasheria angeondoka, hata mtoto mdogo angejua kula kona. Fundi alisimama kweli, akavuka kamba kweli, akafika ngazi ya kwanza. Akageuka nyuma. Kiganja kizima cha mshono kilikuwa kimeachama, sponji la njano limechungulia, chini ya taa nne. Katika maisha yake hajawahi kuacha mshono wazi. Aliwahi kushikwa na uchungu wa uzazi akiwa na kiti cha mteja, akamaliza kwanza. Kitinda, aliyezaliwa siku hiyo, aliona mama yake anarudi, akaelewa, akashika kichwa.

"Mama, tafadhali," alinong'ona. "Tutoke."

"Nukta moja," alisema Fundi, naye alikuwa keshapiga magoti.

Wakati huo huo wakaingia watu. Walikuwa kama ishirini, wanafunzi wa chuo na mwalimu wao, na Kitinda angewazuia watu ishirini kwa kitu gani? Waliteremka, wakamkuta mama mmoja mnene, gauni la maua, amepiga magoti kwenye jukwaa jeupe, anashona kochi. Wakanyamaza. Mwalimu akainua kidole, akasema kwa sauti ya chini kwamba wana bahati, hili ni onyesho hai, watazame pumzi za mtendaji. Wakakaa sakafuni. Simu zikatoka. Fundi aliwasikia nyuma yake, jasho likamteremka mgongoni, lakini mikono haikutetemeka; mikono yake haina habari na woga. Ndani, nje, vuta. Msichana mmoja akaanza kulia, akamwambia mwenzake kwamba anamkumbuka bibi yake. Kitinda, kwa kukosa la kufanya, akawaomba watu wasisogee karibu na kamba, tena akawaomba kwa ukali, wakamtii.

Mlinzi alirudi na Sawasawa wakati umati umefika ngazini. Akaona mtu ndani ya kamba, akaona watu wametulia wanatazama, akachanganyikiwa. Alimnong'oneza Sawasawa kwamba ugumu wa kazi yake ndio huo, hakuna anayemwambia chochote. Wiki iliyopita alimkamata mtu aliyelala kwenye ujia na kumbe ndiye kazi yenyewe.

Fundi akapiga fundo, akainama, akaukata uzi kwa meno. Chumba kizima kikapiga makofi.

* * *

Makofi yale ndiyo yaliyowateremsha wengine. Alikuja msanii, yule mwenye nywele utosini, ambaye alipomwona Sawasawa aliita mzee wangu, akamkumbatia, kisha akawainamia watu kidogo, kwa vile makofi yalikuwa bado yanaendelea na yeye alikuwa karibu. Alikuja karani wa tiketi. Na nyuma ya karani alikuja mama mmoja mrefu aliyevaa shanga kubwa za mbao, watu wakampisha, na karani akawa anatazama viatu vyake mwenyewe. Huyo ndiye mkurugenzi aliyesafiri. Alikuwa amesafiri ghorofa ya pili, anakunywa chai.

Mkurugenzi hakuwa mkali. Aliuliza, akaelezwa na Kitinda tangu viti vya plastiki mpaka mshono. Akasema anaelewa, lakini kitu kilichotoka ndani ya kazi hakiwezi kutoka nje ya mlango kabla hajajua ni kitu gani. Kisomwe hapo hapo, kwa sauti, mbele ya mlinzi. Fundi akaitoa karatasi kifuani polepole sana. Alikuwa anataka kumpa Kitinda, amwashirie aruke katikati. Lakini Sawasawa, kwa furaha ya kosa lake kusahihishwa, alikuwa keshavaa miwani na kunyoosha mkono.

"Nipe nisome mimi," alisema. "Ni maneno ya mama yangu."

Na Fundi, ambaye kukataa anakujua vizuri, safari hii alishindwa. Akampa.

Sawasawa akasafisha koo, akasimama wima kama mtoto wa shule. "Mimi mwenye dole gumba hapa chini, nikiwa na akili zangu timamu, nyumba yangu ninamwachia mke wa mwanangu mdogo." Akatua. Akasogeza karatasi karibu. "Simpi mwanangu, na si kwa kuwa simpendi. Nampenda kuliko wote, na kaka yake analijua hilo. Simpi kwa kuwa hajui kukataa. Nikimpa yeye asubuhi, jioni itakuwa ya kaka yake, na kesho yake itakuwa ya mpita njia."

Wanafunzi wakaangua kicheko. Walikuwa bado wanadhani ni onyesho. Fundi alisikia kila kicheko kinaingia mwilini mwa mumewe, akatamani jukwaa lile limmeze. Baraza la kesho hakuwa amewahi kuliogopa hivi. Alichokiogopa miaka minne ni dakika hii, na sasa dakika imekuja na watazamaji arobaini.

Sawasawa alikuwa bado anasoma, sauti imeshuka. "Mkwe wangu naye nampa sharti moja. Mwanangu akae humo mpaka kufa kwake, asifukuzwe hata akiudhi. Na ataudhi."

Safari hii hawakucheka. Sawasawa alivua miwani.

"Ulijua?" alimuuliza mkewe.

"Nilijua."

"Miaka minne."

"Miaka minne. Nisamehe."

Alitazama karatasi. Akalitazama kochi juu ya jukwaa lake, lenye taa na kamba. Midomo yake ilikuwa inachezacheza, na Fundi akajua analia, na kweli alikuwa analia, ila kitu kingine kilikuwa kinapanda chini ya kilio.

"Akasema ifichwe nisiigawe," alisema Sawasawa, "nami nikaigawa na kochi lake." Na akacheka. Alicheka kutoka tumboni, ameshika magoti, machozi yanadondoka kwenye sakafu ya mawe, na kila akitaka kunyamaza anasema "na chai nikampa", anaanza upya. Fundi akaanza kucheka naye, kwanza kwa woga, kisha kwa nguvu zote, na Kitinda akawaangukia wote wawili, na mlinzi, na wanafunzi, mpaka chumba kile kilichojengwa kuhifadhi baruti kikalipuka.

Walipopata pumzi, mkurugenzi alisema ana ombi. Alisema kwa unyenyekevu, mkono kifuani, kwamba hajaona kitu kama kile tangu aanze kazi. Karatasi ile ibaki, iwekwe ndani ya kisanduku cha kioo pembeni mwa kochi, nao watapewa nakala safi yenye mhuri, nakala inayokubalika popote. Msanii akatikisa kichwa kwa nguvu kukubali. Na macho ya mkurugenzi, kama macho ya waombaji wote, yakajua yenyewe pa kwenda. Yakatua kwa Sawasawa.

Aliomba vizuri. Hilo lazima lisemwe, aliomba vizuri kuliko msanii. Kitinda alifumba macho. Fundi alimwona mumewe anafungua mdomo, akauona ulimi unajipanga mahali pake pa siku zote.

"Hapana," alisema Sawasawa.

Yeye mwenyewe alishtuka. Akageuka kumtafuta aliyesema.

"Hapana, mama," alirudia, akijaribu tena kama mtu anayekanyaga daraja jipya. "Samahani sana. Hii ni ya mke wangu."

Mlinzi peke yake akapiga makofi. Fundi alimtazama mumewe kana kwamba ndio kwanza anatambulishwa kwake, na mashavu yakamwaka moto kama msichana. Mkurugenzi akakubali, akauliza kama kuna jambo lolote wanaloweza kuwafanyia, na Fundi akasema liko moja. Kile kibao. Lililookotwa lifutwe, liandikwe lililotolewa. Mshonaji aandikwe. Na vumbi liondolewe, kwenye kibao na kwenye kochi pia, na kama hawana kitambaa cha kupangusia atawaletea.

Njiani kurudi Sawasawa alikuwa kama mtoto aliyepewa filimbi. Muuza karanga alimwita, akamwambia hapana. Mwenye kibanda cha soda alimwita, hapana. Mtu mmoja alimuuliza tu saa ngapi, akamwambia hapana, ikabidi Kitinda arudi kumwomba radhi na kumtajia saa.

* * *

Kesho yake saa tatu, kaka mkubwa alifika barazani na koti lake na faili lenye kamba. Alikuwa na uhakika. Jioni iliyopita alimpigia mdogo wake, akamwambia wamalize kiungwana, waweke sahihi, na alikuwa anangoja lile jibu la siku zote. Simu ikakatwa, akadhani ni mtandao.

Mwenyekiti wa baraza aliisoma karatasi kimya. Akaipitisha kwa wenzake wawili. Shahidi mmoja alikuwa keshafariki. Wa pili, mwalimu mstaafu, alisimama akasema ndiyo, nilikuwepo, na bibi alirudiarudia lile neno la mpita njia mpaka nikaliandika. Mwenyekiti akamwuliza kaka mkubwa ana la kusema. Alisimama. Hakumtazama mwenyekiti. Alimgeukia mdogo wake, akalegeza sauti, ile sauti ambayo haijawahi kumwangusha tangu utoto wao.

"Mdogo wangu, wewe ni mwanamume mzima," alisema. "Utakubali kweli kuishi ndani ya nyumba ya mkeo, kwa hisani ya mkeo, mpaka siku unayoingia kaburini?"

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa, kidole chake kinaipapasa sindano chini ya ukosi. Sawasawa alimtazama, akamtazama kwa nafasi, na wala hakuharakisha.

"Sawasawa," alisema.